Jicho Lililosubirishwa

Anatoli alilipenda neno kuiva. Alilipata katika zahanati ya kambini, upande wa Ngara, alikokaa miaka kumi na mmoja akipima macho ya wakimbizi wenzake. Mzee mmoja wa Kitanzania aliyemfundisha kazi alikuwa akimulika mboni kwa tochi, akiguna, kisha akisema, "Mtoto wa jicho huyu bado mbichi. Arudi mwakani, akiiva tutamtoa." Kwa vifaa vya zamani maneno hayo yalikuwa na maana yake. Lakini neno ni kama shati la kazi: ukilizoea, hutazami tena limechanika wapi.

Amani ilipotulia na watu wakaanza kurudi Burundi na magodoro yao vichwani, Anatoli naye alirudi kwao Muyinga. Alirudi na Kiswahili kilichonyooka, Kifaransa cha shule kilichoota kutu, na ule ujuzi wake wa tochi. Hakukaa bila kazi hata miezi miwili. Hospitali moja ya Gitega ilikuwa na chumba cha kupasulia macho na daktari aliyefika hapo wiki moja kila mwezi. Huku Muyinga kulikuwa na vituo vitano vya afya vya mashambani, Gasorwe, Mwakiro na vingine, vilivyojaa wagonjwa wa macho na visivyo na wa kuwatazama. Akatafutwa mtu wa kuziunganisha pande hizo mbili, wakamwita mratibu. Ukisikia cheo hicho utadhani mwenyewe ana ofisi. Alikuwa na pikipiki, tochi, bango la kupimia macho na daftari.

Gitega waliwapa Muyinga nafasi nane kwa mwezi. Nafasi nane, vituo vitano, na vilima ambavyo hata katekista hajui idadi yake! Anatoli akatunga utaratibu wake. Kila mgonjwa aliandikwa jina, na mbele ya jina herufi moja: K, kaiva, au B, bado. Wenye K walikwenda Gitega. Wenye B waliambiwa wasubiri. Wauguzi wa vituo vyote wakaupokea utaratibu huo, na wakubwa wa Gitega wakaupenda, maana kila aliyefika kutoka Muyinga alikuwa na jicho jeupe kama ugali, halina ubishi, la kulaza mezani na kutoa. Nafasi haikupotea hata moja. Wakamsifu Anatoli mbele ya watu. Sifa ni tamu, nani asiyejua, na mtu aliyekwisha kuilamba haoni haraka ya kujikagua.

Pili alikuja mara ya kwanza siku ya soko la Gasorwe. Alikuwa mama wa miaka hamsini na kitu, mdarizi wa kofia kutoka mtaa wa Waislamu wa Muyinga mjini, na kila wiki alipanda Gasorwe na kikapu cha kofia kuwauzia wafanyabiashara. Watu walimwita Mama Shabani, kwa jina la mwanawe wa kwanza aliyekuwa Bujumbura.

"Muganga," alisema, akakaa kwenye kigoda bila kuambiwa, "mi macho yangu iko na shida. Ya mbele naona. Sindano naona, uzi naona. Lakini mtu akikuja huku kwa bega, simuoni. Sokoni wananisalimia, mi napita tu. Donc wanasema Mama Shabani siku hizi iko na majivuno."

Anatoli akacheka. "Labda kweli unayo, mama. Kofia zako zinavaliwa na mashehe, sisi wa pikipiki utatusalimia wapi?"

Wakacheka wote wawili. Akamulika: mboni nyeusi, safi, hakuna weupe hata wa kusingizia. Akachukua sindano kutoka kwenye kikapu cha Pili mwenyewe, akampa na uzi. Pili akautunga mara moja, wala hakulamba ncha.

"Haya sasa," Anatoli akasema. "Mtu anayetunga uzi sindanoni, aende Gitega kufanya nini? Halijaiva, mama. Subira huvuta heri."

Akaandika B.

Ukutani nyuma yake palikuwa na karatasi mbili za Kifaransa kutoka Gitega, na aliyezipigilia misumari alikuwa yeye mwenyewe. Zilieleza habari ya presha ya jicho. Zilisema ugonjwa huo huanza kula pembeni, ukaacha katikati pazima hadi mwisho kabisa, kwamba jicho lenyewe huonekana safi, na kwamba mgonjwa wa namna hiyo hasubirishwi hata mwezi. Anatoli alikuwa amezisoma. Alikuwa hata amewatafsiria wauguzi, sentensi kwa sentensi. Alizisoma kama mtu anavyosoma tangazo la msiba wa ukoo mwingine, akasikitika inavyopasa, akaendelea na shughuli zake.

Mwaka wa pili Pili alirudi, na wakati wa kuingia akajigonga bega kwenye fremu ya mlango. "Pole, mama, mlango wetu mwembamba," Anatoli akamwambia. Mlango ulikuwa ule ule ambao machela hupita. Akamulika, akaona weusi, akaandika B. Pili akashukuru, akaenda zake.

Mwaka wa tatu alikuja ameshikwa mkono na binti yake, Salima.

"Muganga," akasema, na uso ulikuwa umechangamka kama wa mtu aliyeleta habari njema, "mi nimesubiri vile ulisema. Sasa imeiva. Ya kuume imeiva yote, haioni kitu. Ya kushoto iko karibu. Naona hapa mbele tu, kidogo, kama mtu anachungulia kwa tundu."

Anatoli akawasha tochi. Mboni ya jicho la kuume haikusinyaa. Aliisogeza taa karibu, akaipeleka mbali, akairudisha, na ile mboni ikabaki wazi vile vile, nyeusi, haina habari naye. Ndipo zile karatasi mbili za ukutani zilipomjia kichwani, mstari kwa mstari, na kila mstari ulikuwa umekwisha kusemwa na huyu mama kwa mdomo wake, tangu mwaka ule wa kwanza, juu ya kigoda hiki hiki. Hakuandika herufi yoyote. Alitoka nje akapiga simu Gitega, akasema ana mtu wa tisa na wa tisa huyo hawezi kungoja.

Wakamkubalia. Alhamisi ikawakuta Gitega, Pili na Salima na Anatoli, pamoja na wale wanane wa kawaida.

Daktari alikuwa mtu wa Benin, mrefu, mpole, mwenye vidole vya kugusa kope bila mtu kushtuka. Kirundi hakukijua, na Kiswahili chake kilikuwa "jambo" na "pole". Siku zote alitafsiriwa na Ursula, muuguzi wa chumba cha upasuaji, lakini siku hiyo Ursula alikuwa ndani akichemsha vyombo. "Utatutafsiria wewe, Anatoli," daktari akasema. "Mgonjwa ni wako."

Akampima Pili kwa muda mrefu. Akapima presha ya jicho la kuume, akatikisa kichwa. Akapima la kushoto, akapima tena. Kisha akavuta kiti na kusema polepole, kwa Kifaransa, kwamba jicho la kuume limekufa na halifufuki, na la kushoto limebakiza kipande kidogo cha katikati. Kipande hicho kinaweza kuokolewa kikiwahiwa.

"Ugonjwa huu una miaka," akasema. "Muulize, kwa nini amekaa hivi? Nani alimwambia asubiri?"

Anatoli akamgeukia Pili, akamuuliza sawasawa, neno kwa neno. Kufikia hapo alikuwa bado mwaminifu.

Pili akajiweka vizuri kwenye kiti. Alifurahi kuulizwa. "Mwambie ni we umenisaidia," akasema. "Mwambie mi nilikuja mara ya kwanza, we ukaniangalia na torche, ukasema bado, nisikimbilie. Nikakuja mara ya pili, ukasema bado. Wengine huku wanakutibu haraka haraka bila kukuangalia. We ulinichunga miaka tatu yote. Mwambie hivyo, bon, na umwambie asante."

Daktari akangoja, macho kwa Anatoli.

Mtu anaweza kuishi miaka arobaini akijidhania ana moyo fulani, hadi siku ya swali moja. Kichwani mwa Anatoli yalipita mengi kwa muda mfupi. Kulikuwa na maneno pale hospitalini, kwamba huenda orodha ikaondolewa mikononi mwa vituo vya mashambani, irudi yote Gitega. Wakijua kwamba mgonjwa wa presha alipewa B mbili, habari ya vituo vitano imekwisha. Alijiambia kwamba anavilinda vituo. Si kweli. Alikuwa analinda jina lake, na hilo alilijua hata wakati ule, ndiyo maana hakuweza kumtazama daktari usoni.

"Anasema aliogopa," akatafsiri kwa Kifaransa. "Aliogopa kisu."

Maneno marefu vile, na tafsiri ya maneno manne! Daktari akainua nyusi kidogo, kisha akashusha pumzi. Alikwisha kuwaona wengi wanaoogopa kisu, mmoja zaidi hakumshangaza.

"Basi ni hasara," akasema. "Kesho nina nafasi moja. Mgonjwa mmoja wa hapa Gitega ana kikohozi, nimemrudisha. Nilitaka kumpa mama huyu. Lakini upasuaji wa presha si kama wa mtoto wa jicho, ambao ukimaliza umemaliza. Huyu atatakiwa kurudi hapa kila wiki kwa miezi miwili, la sivyo njia ya maji tutakayotoboa jichoni itaziba na kazi yote itaharibika. Mtu aliyekikimbia kisu miaka mitatu hatarudi. Tumpe dawa ya matone, atumie maisha yake yote."

Akaandika kwenye cheti. Anatoli alisoma maandishi yale akiwa upande wa pili wa meza, kichwa chini miguu juu: ameogopa upasuaji. Alijua vizuri kuliko yeyote aliyekuwa humo ndani kwamba dawa ile ya matone hufika Gasorwe mara moja kwa miezi mitatu, na mwezi mwingine haifiki. Karatasi za kuiagiza alikuwa akizijaza yeye.

"Amesemaje?" Pili akauliza.

"Amesema utumie dawa, mama."

"Egome, sawa. Asante, muganga. Asante, docteur."

Alasiri ile Anatoli alikutana na daktari uani, amekaa kwenye ngazi anamenya chungwa. Nafasi ya kesho ilikuwa bado haina mtu, maana orodha ingebandikwa mlangoni jioni. "Yule mama amepata pa kulala?" daktari akauliza. Anatoli akasema ndiyo, amepata, na wakatakiana jioni njema. Yalihitajika maneno kumi tu ya kusema kweli. Baadaye aliyahesabu mara nyingi, na kila alipoyahesabu yalikuwa kumi, au tisa.

Pili alilala mtaa wa Musinzira, hapo hapo Gitega, kwa binamu yake, Kadidja. Anatoli alikaribishwa chakula cha jioni huko, akakaa mbele ya sahani ya wali na maharage akimsikiliza Pili anavyomsimulia binamu yake. "We Kadidja, mi niko na muganga wangu," alikuwa akisema, "si kama nyinyi wa Gitega hapa. Amepiga simu mwenyewe. Amenileta mwenyewe." Kadidja akamwongezea Anatoli wali. Akaisukuma sahani kando. Akasingizia tumbo, na angalau hilo halikuwa mbali na kweli.

Ijumaa asubuhi akawasindikiza kwenye gari la Muyinga. Pili akapewa kiti cha mbele. Alimshika Anatoli mkono kwa mikono yake miwili, akamwombea kwa Mungu amzidishie. Gari likaondoka saa mbili kamili.

Akarudi hospitali kuchukua vyeti vyake. Mlangoni pa chumba cha upasuaji orodha ilikuwa imekwisha kubandikwa, na kwenye ile nafasi ya mgonjwa wa kikohozi paliandikwa Nazario wa Mwakiro. Anatoli alimjua. Alikuwa miongoni mwa wanane wake, na mwanzoni alikuwa amepangiwa kupasuliwa jicho moja tu. Sasa nafasi iliyobaki walimpa kwa jicho la pili. Mzee Nazario alikuwa kwenye benchi, kofia ya kijani ya hospitali imemkaa hadi kwenye nyusi, anatania wauguzi. Alikuwa na mtoto wa jicho, huyo wa kweli, mweupe, asiye na haraka. Angeweza kungoja na hilo jicho la pili miaka miwili akinywa pombe yake ya ndizi, lisipungukiwe na kitu.

"Anatoli!" mzee akaita. "Umesikia bahati yangu? Wananifanya yote mawili kwa safari moja. Nasikia kuna mama ameogopa, nafasi yake wamenipa mimi. Mungu ambariki kwa woga wake!"

Watu wa benchini wakacheka. Anatoli akaisoma orodha tena. Kisha akapiga moyo konde, akausukuma mlango ambao haruhusiwi mtu kuusukuma.

Daktari alikuwa anavaa glavu. Anatoli alimwambia yote palepale, Ursula akisikia, kwa Kifaransa kilichokatikakatika. Alisema mama hakuogopa. Mama alikuja mwaka wa kwanza, akaja wa pili, na aliyemrudisha alikuwa yeye. Jana mama alisema hivyo hivyo, akatuma na shukrani, na yeye akageuza.

Daktari hakupandisha sauti. Ingekuwa afadhali angepandisha. Alivua glavu moja, akatazama saa ya ukutani. "Mlete," akasema. "Nitampeleka Nazario mwisho. Nitakungoja hadi saa sita. Baada ya hapo siwezi, jioni naondoka."

Ilikuwa saa tatu kasoro robo. Anatoli akampigia Salima. Simu ilikuwa imezimwa. Akapiga tena, na tena. Dereva wa lile gari hakuna aliyekuwa na namba yake. Akaazima pikipiki ya mlinzi, akashika barabara ya Karuzi, akizipita baiskeli za ndizi kwa pembeni bila breki, mtu ambaye siku zote aliendesha kama anabeba mayai. Karuzi wakamwambia gari limepita zamani. Akaendelea mbele vilima viwili, vitatu, akisimama kupiga simu kila palipo na mnara. Saa tano na nusu akawa bado peke yake barabarani, na hata angewapata dakika ile, Gitega ilikuwa imekwisha kuwa mbali.

Saa sita Nazario akaingizwa ndani.

Anatoli aliwakuta Muyinga alasiri, nyumbani kwao, wanaota jua barazani. Alikuwa amejaa vumbi hadi kwenye kope. Akasema nafasi ilikuwa imepatikana, akawatafuta, simu ikawa haipatikani. Akaishia hapo. Aliyoyaacha yalikuwa mazito kuliko aliyoyasema.

Salima akajishika kichwa. "Yoo! Ni mimi! Mi nilizima simu, muganga! Nilisema nitunze umeme ya betri paka tufike!" Akalia kwa sauti, majirani wakachungulia. Mama yake akawa anampapasa mgongo akimwambia anyamaze, mambo yote iko kwa Mungu. Na Anatoli akamwacha alie. Katika yote aliyoyafanya, hilo ndilo lililomrudia zaidi: binti wa watu alijibebesha kosa mbele ya macho yake, naye akasimama kama mgeni.

Daktari alirudi Gitega baada ya wiki tano. Dawa ya matone iliisha wiki ya tatu, na ya kuongeza haikufika. Jicho la kushoto lilipolazwa mezani, lile tundu la Pili lilikuwa limekwisha kuziba. Daktari alifanya alichoweza. Kilichookolewa ni mwanga. Pili alibaki akijua dirisha liko upande gani, na akijua mtu amepita, lakini hajui ni nani. Kila wiki kwa miezi miwili alirudi Gitega kuangaliwa, na Ursula daktari asipokuwepo, hakukosa hata mara moja, yeye aliyeandikwa kwamba ameogopa upasuaji. Mara ya mwisho daktari alilifuta lile neno kwenye cheti kwa mkono wake, akaandika kando yake "alisubirishwa", na jina la Anatoli. Orodha ikabaki kwa vituo. Herufi ndizo zilizoondolewa, na mahali pake kikaletwa kipimo cha presha ya jicho, kimoja kwa vituo vyote vitano.

Siku ile waliporudi kutoka Gitega mara ya mwisho, Anatoli aliwafikisha hadi nyumbani. Salima akamketisha mama yake barazani, akashuka uani kufua. Tangu ile Ijumaa alikuwa hazimi simu yake kamwe, hata akilala, na mtu akimpigia alishtuka.

Anatoli akakaa kwenye ngazi. "Mama Shabani," akasema, "Salima hana kosa. Siku ile nafasi haikupatikana baadaye. Ilikuwepo tangu Alhamisi, ilikuwa yako. Daktari aliuliza nani alikwambia usubiri. Wewe ulijibu, na mimi..."

"Ukasema peur," Pili akasema.

Salima akasimamisha mikono kwenye beseni.

"Ile neno mi naijua, muganga. Kwa vita tulijificha kwa masista. Kila asubuhi walikuwa wanatuuliza, vous avez peur, munaogopa? Kifaransa ingine yote inanipita, ile haiwezi kunipita. Mi sikusema peur. Nikasikia we unasema."

"Na hukusema kitu, mama! Kwa nini hukusema?"

Pili akageuza uso upande wake, akaukosa kidogo, akawa anaongea na nguzo. "Ile siku ilikuwa bado naona hapa mbele. Nikakuangalia. Nikaona uso yako, we mutu muzima, vile ilikuwa. Nikajiuliza, mi nimuaibishe mbele ya mukubwa yake? Ni neno moja tu, ikae kwangu. Watu waseme Mama Shabani ni mwoga, bon, iko nini?" Akanyoosha kanga yake magotini. "Sikujua kama ile neno iko na uzito ya jicho. Ningejua, ningekuaibisha."

Salima akaacha nguo ndani ya maji, akapita katikati yao bila kumtazama Anatoli, akaingia ndani. Mlango haukubamizwa, ulifungwa tu. Anatoli akabaki ameinamisha kichwa, na machozi yakaanza kumtoka, akayaacha.

"Muganga, bado uko hapo?" Pili akauliza.

"Nipo, mama."

"Donc sema. Mi sasa uso yako siioni tena. Kama iko kitu ndani yake, lazima uniambie na mudomo."